Usiku wa Tamasha Nao Ufanyiwe Mazoezi

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kabla ya kwenda mbali, namshukuru mhariri kwa kunitengea kurasa hizi. Alinionya nisizidishe maneno. Nitajitahidi, ingawa jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu muhula wa pili na huenda likanitoka kwa wingi.

Hoja yangu ni hii. Kila mwaka sisi hujiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya kwa nguvu zetu zote, lakini hujiandaa nusu. Zile dakika chache za jukwaani tunazifanyia mazoezi kwa miezi, asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya michezo, mpaka majirani wa shule wanalijua shairi letu kutushinda. Zile siku mbili tatu pamoja na usiku wake, ambazo tunaishi ugenini kama wapiga kambi, hatuzifanyii mazoezi hata kidogo. Nasema kwamba malazi, chakula, maji na usalama wa usiku ni sehemu ya maandalizi ya muziki. Tena nasema mzigo huo ubebwe na shule kwa pamoja, usiachiwe mzazi mmoja mmoja.

Kwa wale waliojiunga nasi juzi na bado hawajapanda basi la tamasha, nieleze kidogo. Tamasha hili si la jana. Lilianza mwaka wa 1927, miaka 36 kabla ya nchi yetu kupata uhuru. Shule huanza kushindana karibu na nyumbani, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, na hatimaye taifa, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Sisi wa Thika na wenzetu wa Ruiru tumo katika Kaunti ya Kiambu, na kaunti yetu imo katika Kanda ya Kati pamoja na Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Nyandarua. Kuna kwaya, nyimbo za kiasili na ngoma zake, kuna ala, na kuna ukariri wa mashairi, ambao ndio uga wa Chama chetu cha Kiswahili. Washindi wa taifa hupata heshima ya kutumbuiza mbele ya Rais. Ndoto hiyo kila mmoja wetu anayo, hata yule asiyejua kushika sauti.

Sasa, neno kambi. Kaka na dada zetu waliomaliza shule wakisikia kambi ya muziki huwaza Kilifi mwisho wa mwaka, au Jinja kule Uganda ambako tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka wa 2015 kando ya mto Naili. Watu hulipa pesa nzuri wakalale hemani, waamke na vumbi puani, na kurudi nyumbani wakisifu. Sisi tunayo kambi yetu, ila haina mahema. Tukifuzu kwenda mbali tunalala madarasani mwa shule mwenyeji. Madawati yanatolewa nje, magodoro yanatandazwa sakafuni, mifuko inapangwa ukutani, na ubao wa mwalimu wa hesabu unatutazama usiku kucha na milinganyo yake ambayo haijafutwa. Ni raha, sikatai. Urafiki unaozaliwa mle hauzaliwi kwenye madawati. Lakini raha ni kitu kimoja na maandalizi ni kitu kingine.

Hebu tuanze na ile karatasi. Wiki moja kabla ya safari hubandikwa karatasi ubaoni yenye kichwa "Vitu vya Kubeba". Godoro jembamba. Mablanketi mawili. Shuka. Sweta nzito. Ndoo. Sahani, kikombe na kijiko. Tochi. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Pesa za matumizi. Mwenye kuiandika hana ubaya wowote, anataka tusiumie. Ila ukisoma karatasi hiyo ukiwa mwanafunzi wa kutwa, unayetoka Kiandutu au Kiganjo upande huu wa Thika, au Githurai na Kimbo upande wa Ruiru, unaisoma kwa jicho lingine. Mwanafunzi wa bweni ana godoro lake tayari, ni kulikunja tu. Wa kutwa analala na ndugu zake. Blanketi la nyumbani lina wadogo zake chini yake. Akilibeba kwenda tamashani siku tatu, nani atawafunika wale wengine, na huu ni mwezi wa saba?

Mwaka uliopita tulikuwa na mwenzetu mwenye sauti nzito ajabu. Shairi letu lilikuwa na mahali ambapo sauti zote zinanyamaza na moja tu inaendelea, kama ngurumo ya mbali kule Kilimambogo. Sauti hiyo ilikuwa yake. Alifanya mazoezi tangu siku ya kwanza, hakukosa hata jioni moja, ilhali kwao ni mbali na alikuwa akifika nyumbani giza limeshaingia. Siku ya kukaguliwa vitu hakuwa na blanketi la pili wala godoro. Hakusema lolote. Asubuhi ya safari hakuja. Nafasi yake ikajazwa na mwingine aliyekuwa na godoro zuri, na ngurumo ikageuka kuwa kikohozi. Hatukufuzu. Sisemi ni kwa sababu hiyo peke yake, majaji wana mengi ya kupima. Nasema tu kwamba tulimchuja mtu kwa kigezo ambacho hakimo katika kanuni zozote za tamasha.

Wapo watakaosema, "Si angeomba?" Jamani, kuomba blanketi si kama kuomba kalamu. Mtu wa miaka kumi na saba ana haya yake. Ukimlazimisha asimame mbele ya mwalimu na wenzake thelathini na tisa atangaze kwamba kwao mablanketi hayatoshi, ataona heri akae nyumbani. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Tuendelee na usiku wenyewe. Julai kwetu ni majira ya baridi, wazee wa Gĩkũyũ huyaita gathano: mawingu yamelala chini, manyunyu hayaishi, jua linaonekana saa nane kisha linakumbuka kazi nyingine. Sakafu ya simiti usiku wa Julai ni kama barafu. Watu wengi hudhani baridi ya usiku huja kutoka juu, basi hurundika mablanketi juu yao. Kumbe mwili unaolala hupoteza joto jingi kwa kugusana na kitu baridi kilicho chini yake, na godoro jembamba likikandamizwa na uzito wako linabaki kama karatasi. Kipande cha katoni, magunia mawili makavu au turubai lililokunjwa chini ya godoro husaidia kuliko blanketi la tatu juu. Hii ni elimu ya bure, wachungaji na walinzi wa usiku wanaijua, ila sijawahi kuisikia ikitajwa katika mazoezi yetu.

Na baridi hiyo ina uhusiano gani na muziki? Mkubwa tu. Sauti hutoka kwenye nyuzi mbili ndogo kooni, na nyuzi hizo hutetemeka kwa kasi isiyo ya kawaida. Msichana anapozungumza hivi hivi hugongana kiasi cha mara 200 kwa sekunde moja, na akipanda noti za juu ni zaidi. Kitu kinachofanya kazi namna hiyo kinahitaji maji na usingizi. Sasa tazama tunavyofanya sisi. Tunafika Ijumaa jioni tumechoka, tunaimba basini njia nzima kwa kelele, tunafika tunaimba tena bwaloni ili kuwatisha wapinzani, usiku tunapiga soga hadi saa nane, tunavuta vumbi la chaki na la sakafu ambayo imefagiliwa dakika tano kabla ya sisi kulala, hatunywi maji kwa sababu choo kiko mbali na nje ni giza. Jumamosi saa tatu asubuhi tunapanda jukwaani na koo kama ya jogoo mzee. Kisha tunanung'unika ati jaji alikuwa na upendeleo!

Hili la kuogopa choo usiku lisipite kama mzaha, hasa kwa upande wa wasichana. Mwenzangu mmoja aliniambia yeye huanza kujinyima maji tangu saa kumi jioni ili asilazimike kutoka. Huyo ni mwimbaji wa sauti ya kwanza. Taa moja nje ya mlango, na utaratibu wa kwenda wawili wawili pamoja na mwalimu wa kike aliye macho, ungemsaidia kuliko wiki nzima ya mazoezi ya kupumua. Vivyo hivyo visodo. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka wa 2017 ili wasichana wa shule wapewe visodo bila malipo. Basi visafiri nasi kwenye sanduku la huduma ya kwanza, visiachwe stoo. Haya yanaonekana mambo madogo na ndiyo maana hayaandikwi popote.

Wakubwa wa dunia nao walijifunza kwa njia ngumu. Agosti ya mwaka wa 1969 huko Marekani, vijana walikusanyika kwa siku chache za muziki katika shamba la ng'ombe wa maziwa la mkulima aitwaye Max Yasgur, katika jimbo la New York. Ndilo tamasha la Woodstock. Wakaja zaidi ya laki nne. Mvua ikanyesha, shamba likawa matope, chakula kikaisha. Wanamuziki walikuwa wakubwa kabisa wa wakati ule, lakini kilichookoa watu si gitaa. Wakazi wa karibu walikusanya mikate na mayai ya kuchemsha, na wapo waliojitolea kupika masufuria ya nafaka na kugawa bure. Mwaka uliofuata, Septemba 1970, mkulima mwingine huko Uingereza, Michael Eavis, alifungua shamba lake kwa tamasha ambalo sasa tunaliita Glastonbury. Walikuja watu wapatao 1,500. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na katika pauni hiyo kila mtu alipewa maziwa ya pale pale shambani. Sisi watu wa Kiambu tunajua thamani ya maziwa, kwa hivyo namheshimu sana mzee huyu. Kabla hajajua kama tamasha lake litafaulu, alishajua wageni wake watakunywa nini.

Nimeahidi kusema juu ya usalama, na hapa naomba tuache kucheka kidogo.

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka wa 2008. Kuhusu mabweni, mwongozo unataka nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, milango iwe na upana usiopungua futi 5 na ifunguke kwa nje, mlango usifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Masharti haya hayakutungwa na mtu aliyekosa kazi. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika shule ya Kyanguli kule Machakos; mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, katika kanda yetu hii, watoto 21 walikufa moto ulipowaka bwenini usiku. Wengi wetu tunakumbuka tulivyonyamaza gwaride lile asubuhi.

Sasa, darasa tunalolalia tamashani si bweni. Limejengwa kwa ajili ya mchana. Lina mlango mmoja na mara nyingi madirisha yake yana vyuma ili wezi wasichukue vitabu. Juzi nilipima darasa letu hapa kwa futi kamba ya mwalimu wa useremala: mita 8 kwa 6. Hizo ni mita mraba 48. Gawa kwa watu 40, kila mtu anapata mita mraba 1.2. Godoro dogo la urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 0.75 peke yake linahitaji 1.35. Hata kama hakuna nafasi ya kupita, hata kama hakuna mifuko, hatutoshi! Ndiyo maana huwa tunalala wawili kwa godoro moja, na mlangoni ndiko hurundikwa ndoo na mabegi. Halafu mwenzetu mmoja anawasha mshumaa asome noti zake, au mwingine anachoma dawa ya mbu karibu na blanketi.

Kuna na jambo la jiko la makaa. Baridi ikizidi hakosekani mtu wa kusema tuingize jiko ndani tuote na mlango tufunge. Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mtu aliyelala haamki. Nyumba kadhaa nchini zimepoteza watu namna hii kila majira ya baridi yanapokuja. Jiko libaki nje, na mshumaa ubaki nyumbani.

Ninachoomba hapa si majengo mapya. Mwalimu mmoja aende mapema akaone chumba, madirisha na mlango. Watu wagawanywe vyumba viwili badala ya kimoja. Njia ya katikati iachwe wazi, mabegi yapangwe mbali na mlango, funguo zikae na mwalimu aliye macho, si na kiranja aliyelala fofofo. Na kabla ya taa kuzimwa, majina yaitwe na kila mtu aoneshwe atatokea wapi. Ni kazi ya dakika ishirini.

Chakula nitakitaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu ana maoni yake juu ya githeri. Githeri iliyopikwa asubuhi Thika ikafungiwa kwenye ndoo ya plastiki ikiwa moto, ikasafiri, ikaliwa usiku, hiyo si chakula tena, ni bahati nasibu. Tusijidai kwamba hatari iko mbali. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru, kaunti yetu hii hii. Watu walikwenda kula na kucheza, kama sisi. Kwa hivyo mikono ioshwe kwa sabuni, maji yachemshwe au yatiwe dawa, na chakula kipikwe pale pale na kuliwa kikiwa moto. Mkate na chai ya moto Jumamosi asubuhi ni bora kuliko biriani ya jana.

Nilipomweleza mwalimu mmoja mawazo haya alitabasamu akaniambia, "Sisi enzi zetu tulilala juu ya meza, na tukashinda." Mwalimu wetu ni mtu wa heshima na ushindi wake siubishi, kikombe chenyewe kipo ofisini, tumekiona. Lakini tunahesabu waliorudi na kikombe, hatuwahesabu walioachwa nyumbani kwa kukosa la kujifunika, wala walioimba wakiwa na homa. Hao hawana kikombe cha kuwakumbuka. Aidha, kulala juu ya meza kulikuwa ni kukosa, hakukuwa mbinu ya kushinda.

Wengine husema pesa hazipo. Hapa ndipo ninapotaka tufikiri kidogo. Kwanza, si kila safari inahitaji kulala. Kutoka Thika hadi Ruiru ni kama kilomita ishirini. Tangu Barabara Kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, unapita Witeithie na Juja na kufika Ruiru kabla hujamaliza kubishana juu ya mpira. Mashindano ya kaunti yakiwa Ruiru, au ya kwao yakiwa Thika, kwa nini tulipie malazi? Twende alfajiri, turudi jioni jua likiwa bado liko, kila mtu alale kwao. Nafahamu utamu wa kulala ugenini na kuna watakaonichukia kwa maneno haya. Lakini kila usiku tunaouokoa hapa karibu ni pesa ya usiku mmoja mzuri kule mbali, tukifuzu kwenda Nyeri au Nyandarua, ambako baridi haina utani.

Pili, tuwe na stoo ya tamasha. Shule ikinunua magodoro kumi membamba ya kukunja kila mwaka, pamoja na mablanketi kumi, baada ya miaka minne yatakuwa arobaini, kikundi kizima. Yaandikwe jina la shule kwa rangi, yahifadhiwe makavu, yafuliwe baada ya kila safari na wale wale walioyalalia. Kwaya iyatumie Julai, drama iyatumie muhula wa kwanza, wanamichezo wayatumie wakisafiri. Karatasi ya Vitu vya Kubeba ifupishwe ibaki na mswaki, sweta na viatu. Yule mwenye godoro lake zuri asiruhusiwe kulibeba? Aruhusiwe, ila lisiwe tikiti ya kupandia basi.

Tatu, tuna wataalamu wa kambi hapa hapa shuleni na hatujawahi kuwauliza neno. Skauti! Uskauti uliingia nchini mwaka wa 1910, na mwanzilishi wake duniani, Baden-Powell, alifariki Januari 1941 na amezikwa Nyeri. Wenzetu hawa hupiga kambi kila mwaka. Wanajua kufunga turubai lisivuje, wanajua kuchimba shimo la taka, wanajua nani analinda saa ngapi. Siku za tamasha utawakuta wamekaa tu wakitupungia mkono basi likitoka. Skauti wawili wakisafiri nasi kama wasimamizi wa malazi, hata kama hawajui kuimba kabisa (na mmoja namfahamu, hajui), tutapata faida kuliko kuongeza sauti mbili za tatu.

La nne ndilo lililo moyoni mwangu zaidi, tena halina gharama. Ijumaa mbili kabla ya kuondoka, kikundi chote kilale hapa shuleni, darasani, sakafuni, kama itakavyokuwa kule. Wa kutwa waombewe ruhusa kwa wazazi. Tule chakula tutakachokula kule, tuzime taa saa tatu na nusu, tuamke saa kumi na moja, tuoge kwa ndoo moja moja, tunywe chai, na saa tatu tusimame tuimbe mbele ya walimu. Tutajua usiku huo huo nani hana blanketi, bila yeye kulazimika kutangaza. Tutajua nani anakoroma alale kona gani. Tutajua kama sauti inatoka au haitoki. Kama kuna la kurekebisha tuna wiki mbili. Mazoezi ya sauti tunayafanya mara sitini. Haya tuyafanye mara moja tu.

Najua mtu atauliza, hii ni klabu ya Kiswahili au ya upishi? Ni ya Kiswahili, naam. Shairi tunalolikariri kwa kinywa kimoja linatufundisha kwamba mmoja akipungua mapigo yanaharibika. Tukiwa jukwaani tunashikana mikono na kupumua pamoja. Saa nne usiku kila mtu anakuwa na lwake, mwenye nacho anajifunika na asiye nacho anajikunja. Majaji hawaoni hayo. Sisi tunaona.

Nimezungumza na wenzangu kadhaa na katibu wa Chama amekubali suala hili lijadiliwe kwenye mkutano wa Jumatano baada ya michezo, kabla ya kupelekwa kwa Mwalimu Mkuu. Skauti wamealikwa. Yule mwenzetu wa sauti nzito nimemwomba aje, hajanijibu bado. Mwenye turubai kuukuu kwao, hata la kuanikia mahindi, au magunia makavu ya kahawa yasiyotumika, ayabebe siku hiyo ayakabidhi kwa mtunza stoo. Matundu si hoja, sindano ya gunia tunayo.